Rekodi za Kuta Zilizopakwa Rangi, Kuanzia Kolo Hadi Magomeni

Mwaka 2001, katika Wilaya ya Adams, jimbo la Ohio nchini Marekani, Donna Sue Groves alitaka kumfurahisha mama yake mzazi, Maxine, fundi hodari wa kushona mablanketi ya viraka. Shambani kwao lilikuwapo bani la tumbaku, jengo la kukaushia majani ambalo wakulima wa Urambo na Kaliua wanalijua vizuri. Donna aliahidi kulipamba kwa mraba mmoja mkubwa wa rangi, uliochorwa kama kipande cha blanketi la mama yake. Majirani walipolisikia wazo hilo hawakukubali liishie kwenye shamba moja. Waliunda kamati, wakapanga miraba 20, wakaipachika kwenye majengo ya mashamba ili mgeni aweze kuendesha gari kutoka mraba mmoja hadi mwingine. Leo miraba ya namna hiyo iko katika majimbo zaidi ya 40 ya Marekani na imeingia Kanada. Mingi imechorwa na watu wa kujitolea, walimu na wastaafu na vijana wa shule, ambao hawajawahi kujiita wasanii.

Mimi ni mtu wa Dar es Salaam, na nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nikiifikiria Magomeni. Mitaa ya Mapipa, Mikumi, Usalama na Kagera ilijaa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele, paa la bati juu. Nyumba hizo zinaondoka moja baada ya nyingine na ghorofa zinapanda. Ndipo nilipoanza kukusanya rekodi za kuta zilizopakwa rangi katika Afrika Mashariki na kwingineko, nikitafuta ipi inaweza kutufaa. Nyingine zina vipimo rasmi, nyingine nimezitunuku mwenyewe, na nitasema kwa nini.

Kongwe kuliko zote

Hapa hakuna ubishi. Ukitoka Dodoma kwenda Arusha kwa njia ya Babati, baada ya mji wa Kondoa unafika Kolo, na kwenye majabali ya miteremko ile ndipo penye kuta zetu za kwanza. UNESCO iliyaingiza mapango na miamba ya Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006: zaidi ya maeneo 150 yenye michoro, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Wamo pofu, twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wote kwa rangi nyekundu ya udongo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro hiyo kwa mkono, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983.

Lakini ukongwe peke yake haungenifanya niitaje kwanza. Baadhi ya mapango hayo bado yanatumika. Watu wa pale huenda kuomba mvua na kutambikia wagonjwa mbele ya michoro ambayo wachoraji wake walikufa zamani za kale. Ukuta wenye wenyewe hadi leo, baada ya karne zote hizo, unastahili nafasi ya juu kuliko ukuta uliofungiwa kwa kioo.

Ukuta wa kwanza kuvuka bahari

Mwaka 1926 ofisa mmoja wa Kibelgiji, Georges Thiry, alipita Bukama, huko Katanga, akaona nyumba za udongo zilizopambwa kwa michoro ya wanyama na watu. Mchoraji aliitwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji akamwomba achore humo kile alichokuwa akichora ukutani. Mkewe, Antoinette Lubaki, alichora pia, na ndiye mwanamke wa Kikongo wa kwanza anayejulikana kwa jina kuwa mchoraji wa karatasi. Mwaka 1929 kazi za Albert zilionyeshwa Brussels, mwaka uliofuata Geneva. Baadaye misaada ikakoma na habari za Lubaki zikapotea. Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo mwaka 2015, historia ilihesabiwa kuanzia 1926, yaani kuanzia kuta za Bukama.

Kuta zenyewe zilikwishayeyuka kwa mvua. Kilichobaki ni kile kilichohamishiwa kwenye kitu kinachobebeka. Naomba msomaji alishike hilo, maana nitalirudia.

Aliyefanya mengi kwa muda mfupi

Rekodi hii nampa Edward Saidi Tingatinga, na wala sioni mshindani. Alizaliwa mwaka 1932 kusini, Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama walivyokuja maelfu ya vijana wa kusini waliojaza Magomeni, Temeke na Ilala. Alifanya vibarua vya kila aina. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwa ajili ya kuuza. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku, wakimdhania mhalifu waliyekuwa wakimfukuza, akafa. Miaka minne tu. Katika miaka hiyo minne alianzisha mtindo ambao leo unabeba jina lake duniani kote, na ukiingia duka lolote la zawadi kuanzia Zanzibar hadi Nairobi utaukuta ukutani.

Vifaa vyake ndivyo vinavyonivutia zaidi. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya siling bodi, vya mraba, takriban sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ile hung'aa, haichanganyikani kirahisi ikiwa mbichi, kwa hiyo mchoraji analazimika kupaka usuli mmoja, asubiri ukauke, ndipo aweke mnyama, asubiri tena, ndipo aweke madoa. Mtindo wa Tingatinga ulitokana na tabia ya kopo la rangi lililouzwa kwenye duka la vifaa.

Na kabla ya siling bodi palikuwa na ukuta. Kusini, watu wa makabila ya Wamakua na Wamakonde walipamba kuta za nyumba zao kwa michoro. Mjerumani Karl Weule aliiona na kuiandika aliposafiri huko mwaka 1906. Tingatinga alikulia katika nchi hiyo. Alichofanya Dar es Salaam ni kuuchukua ukuta wa kijijini, kuukata mraba, na kuubeba kwapani hadi Morogoro Stores, Oysterbay, walikokuwa wakinunua wageni. Alifundisha ndugu na jamaa zake: Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Henrick Tedo, Adeusi Mandu. Alipokufa wao waliendelea, na mwaka 1990 warithi wao wakasajili ushirika ambao bado uko palepale Oysterbay.

Kwa nini basi sanaa iliyozaliwa kwa mikono ya watu wa uswahilini inaning'inia sebuleni kwa wageni, na haionekani mlangoni mwa nyumba hata moja kati ya kumi huku kwetu? Swali hili linaniuma. Tuliuza kila mraba.

Inayofanana zaidi na viraka

Kama ningetakiwa kumwonyesha yule mama wa Ohio kitu cha kwetu ambacho angekitambua mara moja, ningempeleka Kirehe, mashariki ya Rwanda, karibu na mpaka wetu wa Rusumo. Huko ndiko nyumbani kwa imigongo. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao au ukuta kuwa matuta membamba, huachwa yakauke, kisha hupigwa msasa na kupakwa rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo. Pembetatu, miraba, mistari ya kukunjana. Simulizi za Gisaka, ufalme wa kale wa eneo hilo, humtaja mwana wa mfalme aitwaye Kakira kuwa ndiye aliyeianzisha kwa kupamba kuta za nyumba yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ni wanawake waliorudi kwenye vikundi vya ushirika na kuifufua kazi hiyo, na leo imigongo imetoka ukutani ikapanda kwenye mbao zinazouzwa Kigali.

Kubwa kuliko zote, na ile niliyoipenda zaidi

Mchoro wa ukutani ambao Guinness waliutambua kuwa mkubwa kupita yote ni ule wa maghala ya nafaka ya bandari ya Incheon, Korea Kusini, uliokamilika mwaka 2018: mita za mraba 23,688. Ni maghala, tena ya nafaka, kwa hiyo ni ndugu wa mabani ya Ohio. Kwa upande wa turubai, mwaka 2020 Mwingereza Sacha Jafri alichora Dubai picha ya mita za mraba 1,595, ikauzwa mwaka uliofuata kwa dola milioni 62 kwa ajili ya hisani ya watoto.

Nazitaja kwa heshima, kisha nageukia Kibera, Nairobi. Mwanzoni mwa 2009 Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera, takriban mita za mraba 2,000, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa pale pale. Zilikuwa picha za kamera, hazikuwa rangi ya brashi, na kwa hilo mwenye kushika sheria angeziondoa kwenye orodha yangu. Mimi siziondoi. Picha zilichapwa kwenye plastiki ngumu isiyopitisha maji, na wenye nyumba walizikubali kwa sababu zilizuia kuvuja. Nyingine zilibandikwa ubavuni mwa treni inayopita katikati ya Kibera: macho kwenye mabehewa, midomo na videvu kwenye mabati yaliyosimamishwa mteremkoni, ili treni ikipita uso ukamilike kwa sekunde chache.

Mchoro ukiwa umezuia mvua isimwangukie mtoto aliyelala, ukubwa wake hauna haja ya kupimwa.

Zilizochorwa kwa haraka, kwa sababu watu walikuwa wanakufa

Bado tuko Kibera. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulipoleta vurugu, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alichukua rangi akapita akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, mageti, mabati na barabara, mamia ya mara. Hakusubiri mfadhili wala mkutano. Miaka mitano baadaye, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, vijana wa Kibera pamoja na mchoraji Joel Bergner walipewa ruhusa na shirika la reli wakapaka treni ya abiria kwa ujumbe uleule wa amani. Reli ile iling'olewa wakati wa ghasia za 2008. Safari hii treni yenyewe ilibeba ombi.

Baadaye kidogo, mwaka 2015 na 2016, Kenya hiyohiyo ikaweka rekodi nyingine ninayoiona nzuri kuliko zote kwa upande wa kujitolea. Mradi wa Colour in Faith wa Yazmany Arboleda na Nabila Alibhai uliwaita Waislamu na Wakristo wapake nyumba zao za ibada rangi moja ya njano. Waislamu walishika brashi kanisani, Wakristo msikitini. Haukuwapo mchoro wowote, rangi moja tu, na kila aliyeona njano ile alijua kuna watu wa imani mbili waliopanda ngazi moja.

Ya kwanza Dar, na inayoogopwa kuliko zote

Kwa Dar es Salaam, waanzilishi wa michoro ya kupuliza rangi ni kundi la Wachata, kina Mejah Mbuya na wenzake, waliojitokeza mwishoni mwa muongo wa 2000 na kuufanya mji uzizoee herufi kubwa za rangi ukutani. Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 kule Mikocheni, imewalea wachoraji wengi waliofuata. Hawa wametufungulia njia na wanastahili shukrani.

Hata hivyo, mchoro unaotambulika na kila mkazi wa jiji hili, msomi na asiyesoma, ni X nyekundu. Mistari miwili, dakika moja ya kazi, wakati mwingine na tarehe pembeni. Desemba 2015 ilionekana kwenye nyumba za Bonde la Msimbazi, hatua chache kutoka Magomeni, na tingatinga zikafuata. Mwaka 2017 ilipita kwenye Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha. Mtu aliyeamka akakuta alama ile ukutani kwake haisahau. Sibishani na mipaka ya barabara wala na mafuriko ya mabondeni. Sheria zipo na hatari ilikuwapo. Ninachosema ni kwamba mchoro pekee ambao nyumba nyingi za jiji hili zimewahi kupewa ni huo wa kuziaga.

Magomeni ina hadithi yake ya namna hiyo. Nyumba za Magomeni Kota zilibomolewa, familia 644 zikatawanyika na kusubiri miaka mingi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya yenye makazi 644 kwa ajili yao. Ni jambo jema, na waliorudi wamerudi kwenye maji ya bomba na lifti. Baraza lakini hazikurudi, wala kuta walizokuwa wameegemea wazee wao. Kwingine Magomeni, nyumba ya Mtaa wa Ifunda alimoishi Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru imehifadhiwa, kama inavyostahili. Nyumba za majirani zake, waliompikia wageni na kumpa habari za mtaa, hazina kibao.

Muundo uliodumu na uliosafiri mbali

Mtu ataniuliza: tuchore nini? Sisi hatuna viraka vya Ohio. Tunavyo vya kwetu, na vimekunjwa ndani ya masanduku ya mama zetu. Khanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini. Kaderdina Hajee Essak alifungua duka lake la khanga Mombasa mwaka 1887, na kwa miongo mingi mpangilio huo umetawala pwani nzima. Sijaona muundo mwingine Afrika Mashariki uliodumu hivyo huku ukibadilika kila msimu. Na Magomeni ina haki ya pekee juu yake: kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968 kwenye Barabara hiyohiyo ya Morogoro, mwaka uleule Tingatinga aliposhika brashi. Khanga na vitenge vilivyotoka pale vilivaliwa kwenye harusi na misiba ya mtaa mzima.

Mbali zaidi ni Karnataka, India. Huko wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi kutoka upande wetu wa bahari. Wanawake wao hushona kwa mkono mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi, kwa nguo zilizochakaa za familia, wakianzia ukingoni na kuzunguka hadi katikati. Pembeni huweka ua dogo la vitambaa, na bila ua hilo blanketi huhesabiwa kuwa halijavaa nguo. Mwaka 2004 waliunda ushirika wao, na mwaka 2011 kazi zao zilionyeshwa katika kituo cha Schomburg, Harlem, New York. Ukiitazama kawandi unaona pindo, unaona mji. Damu yetu iliushona mraba huo ng'ambo ya Bahari ya Hindi pasipo kufundishwa na mtu wa Ohio.

Rekodi ambayo haijawekwa

Wale wa Ohio hawakuchora juu ya ukuta. Walichora juu ya ubao, kisha wakaupachika. Tingatinga alifanya hivyohivyo, na kazi za Lubaki zilipona kwa njia hiyo. Kwa mtaa ambao nyumba zake zinabomolewa, hakuna njia nyingine yenye maana. Ukuta ukianguka, ubao unahama na mwenye nyumba. Ukienda ghorofani, unaning'inia kwenye kibaraza cha ghorofani.

Gharama si ya kutisha. Shiti moja la marini bodi, futi nne kwa nane, likikatwa katikati linatoa miraba miwili ya futi nne kwa nne. Pakeni praima pande zote mbili na kwenye kingo, maana maji huingilia kingoni. Pigeni mistari kwa uzi wa chaki, bandikeni tepu ya karatasi, na tumieni rangi ya mafuta ya nje, mikono miwili, mkisubiri wa kwanza ukauke kabisa. Fundi rangi mmoja wa mtaani anaweza kusimamia vijana kumi. Ruhusa ni ya mwenye nyumba kwanza, kisha mjumbe na serikali ya mtaa wapewe taarifa ili pasiwe na maneno.

Naomba msiwaachie wasanii peke yao kuamua kitakachochorwa. Nendeni kwa bibi mwenye nyumba, mwombeni afungue sanduku, achague khanga aliyoolewa nayo au aliyopewa alipojifungua mtoto wa kwanza, na mraba uchorwe kutoka kwenye pindo lake. Nyuma ya ubao andikeni jina lake, mtaa, na mwaka nyumba ilipojengwa.

Ohio walianza na miraba 20. Magomeni Mikumi peke yake inaweza kuipita kwa msimu mmoja wa kiangazi. Vijana wa Mapipa, Usalama na Kagera, kama mnasoma haya, anzeni na nyumba ile ambayo mnajua haitamaliza mwaka.